Sista Adelfina, Aliyekwenda Bila Kuitwa

Mama tunayemrudisha leo katika udongo wa Mabawe aliuona mwanga papa hapa, tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Sindayigaya na mkewe Scholastika. Alibatizwa Adelfina, na nyumbani akaitwa Ntirampeba.

Mwaka 1959 alianza darasa la kwanza bila Kiswahili kinywani, ila maneno mawili aliyofundishwa na kaka yake njiani, akayapanga kinyume. Mwalimu mkuu alipoingia, Adelfina alisimama wima akamwambia, "Marahaba." Mwalimu alimtazama, akavua kofia, akajibu, "Shikamoo, bibi." Tangu hapo shule nzima ilimwita Bibi, na jina hilo lilimfuata hadi shule ya kati ya wasichana Rulenge. Mwaka 1972 alihitimu mafunzo ya uuguzi, akafanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minne, mingi ikiwa ndani ya chumba cha upasuaji.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa huko Rulenge na Mwalimu Renatus wa Mbuba. Walijuana wodini. Mwalimu alikwenda kuchomwa sindano tano za kidonda cha mguu, na baada ya ile ya tano alirudi tena mara tatu, akidai hana hakika kama zilitimia. Mara ya tatu Adelfina alimwambia, "Mwalimu, kidonda kimepona. Sema kilichobaki." Walijaliwa watoto watatu.

Alistaafu mwaka 2006, wakahamia Rulenge. Mwanawe Danstan alipowaletea televisheni na umeme wa jua, sebule yao ilijaa majirani kila Alhamisi jioni. Walikuja kutazama tamthilia ya upelelezi juu ya hospitali moja ya kubuni, ambamo madaktari walikosea, wakubwa wakaficha, na inspekta mmoja mwembamba akafukua. Wengine walimtazama inspekta. Sista Adelfina alitazama mikono.

"Ameshavaa glavu, sasa anajikuna pua," alisema. "Mgonjwa huyo hahitaji adui mwingine." Au, "Hiyo dripu imefungwa. Wanamnywesha hewa."

"Dada, tuachie tamthilia yetu," jirani yake Jovitha alimwomba kila wiki, naye kila wiki alikataa.

Alhamisi moja ya Machi 2016, muuguzi wa tamthilia aliamriwa na daktari kubadili namba katika kitabu cha upasuaji, akabadili. Jovitha akasema, "Daktari alikosea tu. Huyu ndiye mbaya, maana ameandika." Sebule nzima ikaitikia. Siku hiyo Sista Adelfina hakusema lolote juu ya glavu wala dripu. Wageni walipotoka alimgeukia mumewe.

"Baba Danstan," alisema, "yule ni mimi."

Ndipo alipomweleza. Tarehe 3 Agosti 1989, katika hospitali ambayo mwenyewe aliagiza isitajwe leo, kwa kuwa waliopo sasa hawakuwepo, alisaidia upasuaji wa kumzalisha Zulfa, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Biharamulo mjini. Kabla mgonjwa hajashonwa, ni kazi ya muuguzi kuhesabu kwa sauti vitambaa vya kufyonzea damu. Siku hiyo vilikuwa vimetolewa ishirini. Vilirudi kumi na tisa. Akahesabu tena: kumi na tisa. Daktari alikuwa amechoka, na mgonjwa mwingine alikuwa akingoja.

"Umekosea kuhesabu, sista. Andika ishirini."

Akaandika ishirini. Mtoto, aliyeitwa Raya, alilia vizuri, na watu wakafurahi.

Baada ya wiki sita Zulfa alirudishwa na homa kali. Alipasuliwa mara ya pili, kitambaa kikakutwa, na kizazi chake kikaondolewa. Kitambaa kilichomwa moto. Faili halikuonekana tena. Ndugu wakaambiwa kwamba majani ambayo mama yake mzazi, Bi Mwatumu, alimchemshia baada ya uzazi ndiyo yaliyokiozesha kizazi chake. Sista Adelfina alikuwa amesimama pale wodini walipoambiwa, akanyamaza. Ukoo wa mume wa Zulfa ulikaa kikao, na tangu siku hiyo Bi Mwatumu hakuruhusiwa kugusa chungu katika nyumba ya mwanawe.

Kwa miaka ishirini na saba Sista Adelfina alingoja mtu aje na maswali, kama wanavyokuja kwenye televisheni. Alijiambia kwamba akiulizwa atajibu. Hakuja mtu.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema.

"Watakukamata," alisema Mwalimu Renatus.

"Wanikamate nikiwa nimeshasema."

Mwezi wa Aprili wakasafiri kwenda Biharamulo. Kwa desturi yetu Wahangaza mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, huenda na pombe ya ndizi, na Mwalimu alikuwa amefunga dumu la lita ishirini vizuri kwa majani ya mgomba. Walipobadili gari Lusahunga ndipo mkewe alipolitazama.

"Baba Danstan, dumu hilo ni la nini?"

"La radhi."

"Kwa Bi Mwatumu? Mwislamu wa swala tano?"

Mwalimu alilitazama dumu kama mwanafunzi aliyefeli mtihani. Wakaligawa kwa wapakia mizigo wa pale, nao wakawaombea baraka nyingi. Mwuza asali mmoja, akiwa ameshapata sehemu yake, akawapa chupa mbili za asali ya msituni. Ndizo walizoingia nazo kwa Zulfa.

Zulfa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sijui kama nitakusamehe," alisema. "Hilo tuliache. Lakini mama yangu alilaumiwa mbele ya watu. Huwezi kumsafisha humu ndani, tukiwa sisi watatu."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Sikukuu ya Idi ukoo wote unakuja hapa. Njoo useme."

Miezi miwili iliyofuata haikuwa myepesi. Watoto wake walimsihi asiende. Danstan alimwambia kwamba heshima yake yote ya uuguzi ingeishia kwenye mkeka wa watu. "Heshima hiyo imemkalia mtu, baba," alimjibu. "Ngoja niiondoe apumue."

Mwezi wa Julai, siku ya pili ya Idi, alisimama mbele ya watu wapatao arobaini katika ua wa Zulfa. Alisema namba zote mbili, kumi na tisa na ishirini, akasema ni mkono wa nani ulioandika. Hakumtaja daktari zaidi ya kusema kwamba alikwisha kufariki na hawezi kujitetea. Bi Mwatumu, aliyekuwa na miaka themanini na minne, alikuwa ameketi kando ya ukuta.

"Kwa hiyo majani yangu?" aliuliza.

"Hayakuwa na kosa, mama. Kosa lilikuwa langu na la wenzangu."

Mzee Idi, shemeji mkubwa wa Zulfa, ndiye aliyeongoza kile kikao cha zamani. Aliinuka, akaenda kuketi chini mbele ya Bi Mwatumu. "Mama, kauli ile niliitoa mimi," alisema. "Leo nairudisha."

"Umechelewa, Idi," Bi Mwatumu alimwambia. "Tazama, hata meno ya kukung'atia sina tena." Watu wakacheka wakiwa na machozi. Yeye akatafuta fimbo yake akasimama. "Jiko liko wapi? Huenda mmelihamisha."

Alichemsha chai ya mchaichai ya watu wote wale, hakuruhusu mtu amsaidie, na kikombe cha kwanza akakitia asali, akampa mgeni wa Rulenge.

Wiki hiyo Sista Adelfina aliandika barua kwa hospitali na kwa wilaya, akatia sahihi. Aliitwa, akahojiwa, akapewa karipio la maandishi, ambalo alilitunza pamoja na vyeti vyake. Alhamisi aliendelea kutazama tamthilia na kuikosoa. Kwa ushuhuda wa Jovitha, ndipo alipoanza kumpenda yule inspekta.

Zulfa hakupata kumtamkia neno la msamaha. Ila mwaka 2018 alifika Rulenge bila taarifa, amembeba mtoto mchanga wa bintiye Raya, akamweka mapajani mwa Sista Adelfina na kusema, "Mshike vizuri, shingo haijakaza." Wakaanza kutembeleana. Bi Mwatumu alipofariki mwaka 2020, Sista Adelfina alikuwa miongoni mwa wanawake waliokaa naye siku zake za mwisho.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2023. Alitibiwa kwa uangalifu, na wauguzi wake walimwogopa kidogo. Mwezi uliopita, alipozidiwa, aliwaita watoto akawaambia kwamba mambo ya 1989 yasomwe kaburini kwake. Binti yake Esperansia alimwambia, "Mama, watu watasahau mema yako."

"Mema wanayajua. Yasomeni haya. Lakini mwulizeni kwanza Zulfa, ni yake pia."

Zulfa aliomba siku tatu za kufikiri. Kisha akapiga simu: yasomwe, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe katika wasifu huu mahali alipopataja yeye mwenyewe. Marehemu aliambiwa jibu hilo akiwa na akili timamu, akaomba lirudiwe mara mbili. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Ameacha mume, Mwalimu Renatus. Watoto Danstan, Esperansia, Deodata, na Zulfa wa Biharamulo. Wajukuu kumi, Raya akiwa mkubwa wao. Na vitukuu wawili.

Alale katika amani aliyoifuata kwa miguu yake mwenyewe.