Uzi Mwekundu wa Mzee Upepo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa feni aliyetutoka wiki hii. Mtaa mzima ulimwita Mzee Upepo. Feni za kutolea hewa, za jikoni, za saluni, za karakana, ndiyo kazi aliyozeekea.

Alikuwa na mazoea yake. Kila feni aliyoifunga aliitundikia uzi mwekundu kwenye wavu, aone hewa inatoka au inazunguka tu. Kisha baadaye alirudi, bila kuitwa, kuisikiliza. "Nilimwambia, baba watoto, huo ni umbea sasa," anasema mjane wake, akicheka huku anafuta macho.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimletea kazi nono. Nyumba ya kupanga, watu wanaosema wanapika sabuni, wanataka feni kubwa. Akaifunga. Wakampeleka mji wa pili, kisha wa tatu. Mzee akavimba kichwa, akadhani ni sifa zake zinatembea.

Siku moja akarudi nyumba ile ya kwanza. Madirisha yamezibwa kwa mbao. Feni inavuma vizuri, uzi umenyooka kuelekea kwa jirani. Na kwa jirani, bustani imekauka, na mtoto anakohoa hadi anashika ukuta. Harufu haikuwa ya sabuni hata kidogo. Walikuwa wanapika dawa za kulevya, wasikilizaji, na feni ni yake yeye.

Jioni hiyo hakugusa chakula. Akamwambia mkewe, "Nikienda polisi, mdogo wako anafungwa, naye ni mmoja wao."

Mkewe akasema, "Na usipoenda, yule mtoto je?"

Akaenda. Aliwaambia polisi watafute uzi mwekundu. Ukaonekana mji baada ya mji, hata ng'ambo ya mpaka, ambako mzee hakuwahi kukanyaga. Wapishi wale walipohama, walihama na feni zake. Nyumba moja ilikuwa imezaa nyingi. Alipoambiwa, alilia mbele ya askari.

Shemeji akafungwa. Ukweni wakamsusa mzee, salamu zake hazikuitikiwa tena. Iliuma, na hakuficha kwamba inamuuma.

Siku shemeji alipotoka, alimkuta Mzee Upepo nje ya geti la gereza. "Nilidhani kaja kunisimanga," anasema shemeji. "Akaniambia, feni ya zahanati inapiga kelele, twende ukanishikie ngazi. Nimeishika mpaka juzi."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mama, watoto na ndugu wa pande zote mbili, ambao kwenye msiba huu wamekaa pamoja. Nasi tuliobaki tujiulize, kazi ya mikono yetu inampulizia nani hewa yake?

Karakana ya mzee sasa anayo shemeji. Leo asubuhi, kabla hata matanga hayajaisha, alionekana zahanati amesimama chini ya ile feni, anaisikiliza. Hakuna aliyemwita.