Hodi ya Kwenye Kona

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, waheshimiwa wajumbe wa Bodi, wafadhili wetu, wafanyakazi wenzangu, wazee wa mitaa yetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama yangu mzazi uliyekaa mstari wa tatu, ambaye tayari unanikodolea macho nisirefushe maneno: habari za mchana.

Mama Hodi, tunayekuaga leo, nimekutaja mwisho, na wanaojua itifaki wameguna. Waache wagune. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu wa heshima hashtukizwi. Hupewa kwanza muda wa kujiweka sawa.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya kitengo cha utafiti, na baadhi yenu mnajua kwa nini ulimi wangu ni mzito. Leo hatumuagi mfanyakazi peke yake, tunaiaga kazi yenyewe. Kuanzia kesho jumuiya yetu haitakuwa na mtembeleaji hata mmoja wa kwenda majumbani kwa watu. Ripoti iliyoleta uamuzi huo niliiandika mimi.

Lakini tuanze mbali. Waasisi wa jumuiya hii, ambao picha zao zinatutazama kutoka ukutani bila hata mmoja kutabasamu, walikuwa wanamageuzi. Kabla yao, sadaka ilitupwa. Natumia neno hilo makusudi. Matajiri walisimama barazani wakarusha sarafu, na mwenye mkono mrefu na kiwiko kikali ndiye aliyeondoka na riziki. Mjane mwenye mtoto mgongoni aliambulia vumbi. Waasisi wakasema hapana. Kutoa ni moyo, wakasema, lakini moyo nao uwe na macho. Wakaajiri watembeleaji wapite nyumba kwa nyumba, wajue nani ana shida ya kweli. Ndugu zangu, tusiwacheke. Ningeishi zama zile, ningekuwa mstari wa mbele, kalamu sikioni.

Ila walikuwa na kanuni moja: mtembeleaji asipige hodi. Asukume mlango, aingie, awakute watu kama walivyo. Afunue sufuria, ainame atazame uvunguni. Bibi yangu mzaa mama alinyimwa msaada kwa sababu mtembeleaji alimkuta anacheka. Mwenye njaa, ilisemekana, hana cha kuchekea. Nyumbani kwetu kisa hicho husimuliwa kama kichekesho, na kila kinaposimuliwa mama yangu hucheka mpaka akamaliza, kisha huinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi.

Miaka ikapita, kanuni ikabaki, akaajiriwa binti mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye baadaye tulimwita Mama Hodi. Alisomewa kanuni zote, akazikubali, na wiki yake ya kwanza tu akaivunja ile moja. Mtaa wetu ulikuwa na kona, palipokuwa na duka la mafuta ya taa. Akifika pale, hajaona hata bati la kwetu, anaita: "Hodi, wenye nyumba! Hodi jamani, naja!"

Wenye nyumba! Sisi tuliopanga chumba kimoja tukakigawa kwa pazia!

Kutoka konani hadi kwetu hapakuwa mbali, lakini yeye alijua kupafanya mbali. Mara afunge kamba ya kiatu, mara amjulie hali muuza duka, mara amsemeshe kuku wa watu. Huku ndani mama ameshavua nguo za kazi, amevaa gauni lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, ametupangusa nyuso kwa pembe ya shuka. Na kiti kinapita dirishani.

Hapo nieleze. Mtaa wetu ulikuwa na kiti kimoja cha maana. Kilikuwa cha fundi seremala, jirani yetu, ambaye kama mafundi wote alitengeneza viti vizuri vya watu na kwake akabakiwa na kibovu, mguu mmoja wa kulia umefungwa waya. Hodi ikisikika, kiti kinatoka kwa seremala, kinaingia kwetu kwa dirisha. Mgeni akishaaga na kwenda kwa jirani wa pili, kiti kimemtangulia kwa mlango wa uani. Siku hiyo kiti kilitembelea mtaa mzima, tena kwa bidii kuliko mtembeleaji.

Siku moja, nikiwa na umri ule wa kuuliza yasiyoulizwa, nilimtazama Mama Hodi akiketi. Hajakigusa kiti, ameshaegemea kushoto, mbali na mguu wenye waya. Nikasema, "Mama, mgeni amejuaje kama kiti chetu ni kigonjwa?"

Mama akanifinya. Mama Hodi akatazama bati kana kwamba anatafuta palipovuja, akasema, "Kiti kizuri hiki, mama watoto. Mtu akikikalia hatamani kuondoka."

"Ondoka tu, dada," mama akamjibu, "kuna wenzangu wanakisubiri."

Wakacheka wote wawili mpaka machozi, na safari hii kicheko hakikumnyima mtu kitu.

Kwa kipimo cha waasisi, mtaa mzima tulikuwa walaghai. Kwa kipimo changu mimi mtafiti, hiyo ni takwimu iliyoharibika: kiti kimoja, nyumba zote. Na Mama Hodi aliliitaje jambo hilo? Nilipomuuliza, nikiwa mtu mzima, alishangaa hata kuulizwa. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," akaniambia. "Sasa mwenyeji atapona vipi kama hana pa kumkalisha mgeni?"

Sasa nije kwenye zama zetu, nisije nikawapotosha. Sisi nasi ni wanamageuzi. Tulichukua mitaa inayofanana; mingine tukaipelekea pesa kwa simu pamoja na mtembeleaji, mingine pesa peke yake. Tukapima. Je, watoto wanakula? Wanakwenda shule? Wagonjwa wanapata dawa? Majibu yakawa sawa pande zote mbili, na kile tulichotumia kwa matembezi kingeweza kulisha familia nyingine nyingi. Niliyapitia majibu yale tena na tena nikiomba nikute kosa. Sikulikuta. Ningefanyaje, ndugu zangu? Nimwache mtoto wa mwenzangu alale njaa ili mimi nibakiwe na kona ya utoto wangu?

Nilikwenda kumweleza Mama Hodi mwenyewe, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Akanikata kauli.

"Mwanangu, hao watoto watakula?"

"Watakula, mama."

"Basi unalia nini?"

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo. Nalia, Mama Hodi, kwa sababu kuna kitu ambacho kipimo changu hakikuuliza. Natamani ule muda kati ya kona na mlango. Natamani kumwona mama yangu akijifunga mkanda wa lile gauni haraka haraka, akiwa mwenye nyumba, kwa sababu mtu ameita hivyo kwa sauti na mtaa mzima umesikia. Nimeutamani muda ule katika kila ofisi niliyokaa.

Hivi karibuni nilikwenda kwa fundi viatu mmoja mzee, kati ya wale wanaopokea msaada wetu kwa simu. Nikamuuliza kama tunamtendea vyema. "Pesa inafika, binti yangu, tena haikawii," akasema. "Ila inaingia bila hodi. Simu ikitetemeka mfukoni najua nimekumbukwa. Sijui tu nimekumbukwa na nani."

Waasisi waliingia bila hodi kwa sababu hawakutuamini. Sisi hatupigi hodi kwa sababu hatuingii kabisa. Hatufunui sufuria ya mtu, na hilo ni jema kubwa, sitalirudisha nyuma hata hatua moja. Leo bibi yangu angecheka atakavyo na pesa ingefika. Lakini nani angemsikia akicheka?

Hata mwaliko wa sherehe hii, Mheshimiwa Mwenyekiti, tuliutuma kwa simu. Mama Hodi hakujibu. Asubuhi hii dereva wetu alipomfuata alimkuta ameshavaa, amekaa kizingitini. "Ujumbe niliusoma," akamwambia. "Nilikuwa nangoja mtu aje aniite." Dereva alinisimulia huku akicheka. Mimi sikucheka. Huyu mama amepiga hodi kwenye milango ya mji mzima, anaishi peke yake, na miongoni mwetu tuliomo humu ukumbini sijui kama kuna aliyewahi kupiga hodi kwake. Nisamehe, mama, kwa kulisema hadharani. Aibu hiyo ni yetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, usishtuke, siombi bajeti. Uamuzi ni sahihi na ubaki. Maneno yangu ya mwisho ni ya mtu mmoja.

Mama Hodi, nimekuona ulivyoketi hapo mbele, kwenye kiti cha ukumbi chenye miguu yake yote mizima. Umeegemea kushoto. Mama yangu naye amekuona, ndiyo maana anajifuta macho na kusingizia feni.

Alhamisi ijayo utakuwa nyumbani, mstaafu. Utasikia sauti kwenye kona ya mtaa wako. Itakuwa yangu, na haitafikia yako: "Hodi, mwenye nyumba! Hodi, tunakuja!" Usikurupuke. Tutatembea polepole, magoti ya mama hayamruhusu vinginevyo. Badili nguo. Funika sufuria. Ficha unachotaka kukificha. Na viti visipotosha usihangaike, maana fundi seremala yule yule anakuja nasi na kiti kile kile. Tutasimama nje mpaka akipitishe dirishani, halafu tutaingia mlangoni kama watu ambao hawajaona kitu.

Ndugu wageni waalikwa, asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa. Mama Hodi, asante kwa kuita ukiwa bado mbali.