Mwalimu Letisia na Mgomba Usio na Rangi

Mwalimu Letisia Ntirampeba anastaafu tarehe 30 Juni 2023, baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiingereza na uchoraji katika mikoa ya Muyinga na Gitega. Alirudi kutoka ukimbizini Tanzania mwaka 2004, akaanzia kazi Giteranyi, mkoani Muyinga, katika darasa lisilo na mlango.

Watoto wengi walikuwa wametoka ukimbizini kama yeye, na maneno ya Kiingereza yaliwachanganya. Kwa Kiswahili mtu huchora tu, awe na penseli au rangi. Letisia aliwafundisha kwamba "draw" ni kuchora mistari, na "paint" ni kazi ya rangi na brashi. Mwanafunzi mmoja alipoandika kwamba baba yake ni "drawer" hodari, Letisia alivuta droo ya meza yake, ambayo ndiyo "drawer" kwa Kiingereza, akamwuliza kama mzee naye hujazwa chaki tumboni.

Kisha ukaja mtihani wa kuingia sekondari wa 2009. Swali la Kiingereza lilisema "draw" mgomba, na watoto wakachora kwa penseli. Wasahihishaji kule Gitega wakawanyima alama, eti migomba haina rangi. Karibu darasa zima lilianguka. Sebastiani, mkulima wa pale, alikuwa ameshamwambia binti yake Upendo kwamba akianguka atabaki shambani.

Letisia alipanda baiskeli hadi Muyinga mjini, akachukua basi mpaka Gitega. Mkuu wa usahihishaji hakumkaribisha hata kiti.

"Madamu, draw, paint, yote iko moja tu," alimwambia.

"Kama yote ni moja, mbona umewanyima alama?"

Wiki iliyofuata alama zilirudishwa, na Upendo akaenda sekondari.

Na Letisia alipata shukrani gani? Muhula mpya ulipoanza alihamishiwa Mutaho, mkoani Gitega, ndiyo kwanza amemaliza kuezeka nyumba yake Giteranyi. Mume na watoto walibaki huko. Wakubwa walisema ni mahitaji ya kazi. Sisi walimu wenzake tuliokuwepo tunajua kwamba ilikuwa adhabu, na inaudhi kwamba mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi. Baadhi ya watakaompigia makofi leo kwenye hafla ya kumwaga walinyamaza siku ile.

Nilipomwuliza tuandike nini juu yake, alijibu bila kupandisha sauti: "Andikeni kwamba nilihamishwa kwa sababu nilikuwa sahihi."

Tumeandika. Asante, Mwalimu. Nenda ukakae na watu wako, kwa afya na amani, na asitokee tena mtu wa kukuhamisha.