Mwalimu Evaline Hhando na Ukurasa wa Baba Yake

Tarehe 30 Juni 2013 Mwalimu Evaline Hhando anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kumi na tisa ya mwisho amekuwa mkutubi wa kituo chetu cha walimu hapa Katesh.

Alianzia Nambis, akifundisha darasa la tatu. Alipohamia kituoni hapa Hanang alikuta vitabu sitini na panya wasiohesabika. Panya aliwashinda, vitabu vikafika elfu nne. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, alibandika upya kila lebo iliyosomeka "Arusha". Aliyemsaidia analalamika mpaka leo. Ni mimi.

Mwaka 2008 tulipata intaneti, akatufundisha kuandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na kusahihisha. Mwalimu Urban akaandika habari za Katekista Joakimu, aliyepeleka Ukristo Hirbadaw. Alimwita mtakatifu aliyeponya viwete. Naye Mzee Gidabuday, aliyeongoza matambiko ya mvua enzi zilezile, Urban akamwandika "mchawi na mdanganyifu". Wenzake wakafuta, yeye akarudisha. Kwa wiki moja kurasa hizo zilibadilishwa mara arobaini na moja, na walimu wakaacha kunywa chai meza moja.

Joakimu alikuwa baba mzazi wa Evaline. Tukasubiri tuone atampendelea vipi.

Kwanza alitangaza palepale kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba yeye ni binti yake, hivyo kazi yake ikaguliwe. Kisha akaenda Mbulu, akasoma madaftari ya parokia, akawauliza wazee wa pande zote mbili. Aliporudi aliondoa "mchawi". Akaondoa pia "mtakatifu", pamoja na viwete, kwa kuwa hakumpata hata shahidi mmoja. Akaongeza jambo tusilolijua: kiwanja cha shule ya kwanza ya katekista kilitolewa na Gidabuday.

Kaka yake, Baltazar, alikuja kituoni.

"Umemvua baba heshima mbele ya dunia nzima!"

"Shikamoo, kaka. Aliyoyafanya nimeyaacha yote. Nimetoa aliyotungiwa."

Baltazar aliondoka bila kuitikia shikamoo. Evaline alikaa kwenye ngazi akalia, halafu akanawa uso, akawafungulia wasomaji wa mchana.

Baadaye alikuja Bernadina, muuguzi, mjukuu wa Gidabuday. Alisoma, akasema taratibu, "Kumbe na babu yangu ni mtu." Urban aliinuka akampa kiti chake. Tangu hapo hakuna anayeulinda ukurasa wa Gidabuday kama Urban.

Nimefanya kazi na mama huyu miaka kumi na minne, na bado sijui nguvu ile aliitoa wapi. Ningekuwa mimi, ningemwachia baba yangu kiwete mmoja au wawili.

Baltazar hakukanyaga kituoni miaka miwili. Siku aliyorudi hakuomba msamaha. Aliomba asomewe ukurasa wa baba, wote, na ulipokwisha akaomba usomwe tena.

Mwalimu, asante. Nenda Nambis ukapumzike, mahindi yakustawie, na Mungu akujalie afya na siku nyingi za furaha.

Oliva Bura, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako