Tazama Kiwiko: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Hezroni Mfinanga

Mzee Hezroni Mfinanga alianza kazi katika Kituo cha Muziki Stesheni, hapa Same mjini, tarehe 1 Julai 1994. Anastaafu kesho, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, akiwa ametimiza miaka thelathini na moja. Kwa muda wote huo cheo chake kwenye barua kilikuwa kimoja: mtunza stoo. Mara mbili alitakiwa kupandishwa, na mara mbili aliomba cheo apewe mtu mwingine, kwa sababu kingemtoa stoo.

Alipokuja alikuta vyombo saba na mlango usiofungika. Kesho atakabidhi vyombo arobaini na tatu, na mlango unafungika.

Anayeijua Same anaujua upepo wake. Mbao hukauka hapa mpaka zikalia, na vayolini isiyoangaliwa hupasuka kabla mwaka haujaisha. Kila kiangazi Mzee Hezroni aliweka ndani ya kila kasha la vayolini kikopo kilichotobolewa, chenye pamba iliyoloweshwa. Kila Jumatatu asubuhi alizunguka na birika akiziongezea maji. Mgeni mmoja kutoka Dodoma aliandika kwenye ripoti yake kwamba kituo kina mtunza bustani hodari, ila bustani hakuiona.

Saksafoni aliyopiga ilikuwa kuukuu, na pedi zake za kuzibia matundu alizikata mwenyewe kwenye ngozi ya mbuzi aliyoletewa na Mama Nasieku, mfugaji wa Ruvu. Kiangazi zilifanya kazi vizuri. Masika zilinuka, na mbwa wa stesheni walimsindikiza hadi nyumbani kwa wiki mbili. Alisema hajawahi kupata wasikilizaji waaminifu kama wale.

Saksafoni hiyo ilikuwa ya Vudee Jazz, bendi ya dansi ambayo Mzee Hezroni alijiunga nayo akiwa kijana na ambayo kituo kiliipa chumba cha mazoezi. Bendi ilikuwa na watu kumi na mmoja. Kufikia mwaka jana walikuwa wamebaki watatu: yeye, Mzee Isihaka wa gitaa na Mzee Abdulmajid wa besi. Wengine wamezikwa, au wamehamia kwa watoto wao Dar es Salaam na Tanga. Nyimbo zao hazikuwa zimeandikwa popote.

Machi mwaka jana mkurugenzi aliamua Vudee Jazz ifanye onyesho moja na okestra ya kituo, yaani sisi vijana kumi na wanane wa vayolini, filimbi na kinanda, tuliozoea kupiga nyimbo za bongo fleva kwa kusoma nota. Mazoezi ya kwanza yalikuwa aibu. Wazee walianza bila kuhesabu. Sisi tuliendelea kuhesabu hata wao walipokuwa wameshamaliza.

"Shikamoo mzee," Raheli Mshana, kiongozi wa okestra, alimwambia Mzee Hezroni. "Hapa tunarudia mara ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Mpaka patoshe."

"Patoshe ni ngapi?"

Mzee Isihaka akacheka mpaka akaliweka gitaa chini. "Waoneni watoto wa karatasi! Siku hizi muziki ni mtihani wa hesabu?"

"Na nyie mmeufanya ramli, babu," Raheli akamjibu.

Zilipita wiki tatu hivyo. Kisha Raheli akaona jambo ambalo Mzee Isihaka alikuwa analijua kwa miaka thelathini na hakuona haja ya kumwambia mtu. Kila mara kabla wimbo haujabadilika, Mzee Hezroni alivuta pumzi na kiwiko chake cha kushoto kilinyanyuka kidogo. Bendi nzima ilikuwa inafuata kiwiko. Mwenyewe hakujua. Alipoambiwa aliona haya, na siku mbili alipiga akiwa amekibana kiwiko mbavuni, hata Mzee Abdulmajid akapotea kabisa na kumwomba akiachie. Basi kwenye karatasi zetu zote, alizotuandikia sehemu zetu tu, mahali pa kuandika idadi ya marudio, Raheli aliandika maneno mawili: Tazama kiwiko. Toka siku hiyo tulikuwa kundi moja.

Agosti alikwenda Moshi kupima kifua. Daktari alimwambia mapafu yake yamechoka na kwamba mwaka ukiisha asipulize tena. Aliporudi alitunga wimbo mmoja, wa kwanza kuutunga kwa ajili ya vyombo vyote pamoja, akauita Ndiva. Kwa wageni wetu wasioijua milima hii, ndiva ni bwawa la mawe la kukusanyia maji ya mfereji. Usiku maji hujaa, asubuhi mlango hufunguliwa, na mashamba hupata maji kwa zamu. Katika wimbo huo vayolini zinajaza polepole, zinarudia na kurudia, mpaka saksafoni ifungue. Wakati wa mazoezi sehemu ya saksafoni aliiimba tu kwa mdomo, kwa sauti ndogo, ili asiipoteze pumzi. Aliuambia uongozi kwamba hana ombi lingine: Ndiva isikike mara moja, yote, akiwa bado anaweza kuipuliza.

Siku ya onyesho aliipanga mwenyewe. Jumapili ukumbi huwa wa harusi, na kati ya Jumatatu na Alhamisi wengi wana shule na kazi. Kumi na mmoja kati yetu ni Wasabato, na Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Wazee wawili ni Waislamu wanaoswali Ijumaa adhuhuri. "Kati ya dini mbili kuna saa nne," alisema, na akachagua Ijumaa, tarehe 6 Desemba, saa kumi jioni. Kisha akapanda hadi Chome mlimani, sehemu ambayo gari halifiki akienda kwa miguu, akikohoa, kuwaomba ruhusa wazazi wa Wasabato. Mama mmoja, Koleta, mwenye watoto wawili katika okestra, alimpa uji na sharti.

"Jua lisiwazamie wanangu na vile vifidla mkononi, Baba Mfinanga."

"Halitawazamia."

"Uape."

"Siapi, mama. Naahidi. Nikishindwa, usinikaribishe tena uji."

Saa kumi ilipofika ukumbi ulikuwa umejaa na mgeni rasmi hakuwepo. Tukaambiwa gari lake limekwama njiani. Palikuwa na minong'ono kwamba tuanze, lakini Mzee Hezroni alisema mtu aliyealikwa husubiriwa. Tulisubiri saa moja na dakika arobaini. Mgeni alipofika na kumaliza hotuba yake, Raheli alimwendea Mzee Hezroni.

"Mzee, tuanze na Ndiva. Nyingine zitajijua."

"Ndiva haifunguliwi kabla haijajaa, mwanangu. Ni ya mwisho."

Hilo lilikuwa kosa lake, naye amesema niliandike. Anasema wasifu usio na kosa ni wa mtu mwingine.

Tulipiga nyimbo nne. Watu walisimama na kucheza, wazee kwa vijana, na ninaamini zilikuwa nzuri. Tulipoingia kwenye Ndiva dirisha la magharibi lilikuwa limeshakuwa jekundu. Vayolini zilianza kujaza. Tulirudia mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na sote tulikuwa tunakitazama kiwiko chake. Alikuwa ameshaiweka saksafoni mdomoni. Akaangalia dirisha, kisha akatuangalia sisi. Kiwiko hakikunyanyuka. Aliishusha saksafoni taratibu, akatikisa kichwa.

"Fungeni vyombo," alisema. "Niliwaahidi wazazi wenu."

Raheli, ambaye si Msabato, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, dakika nne tu."

"Jua halina dakika nne."

Tulifunga. Tulitoka kumi na mmoja kwa mlango wa nyuma, na nje kulikuwa bado na mwanga kidogo juu ya uwanda. Ndani watu walipiga makofi, maana walidhani wimbo umeisha.

Jumapili iliyofuata alilazwa, na alikaa hospitali siku kumi na mbili. Daktari hakusubiri mwaka uishe. Tangu hapo Mzee Hezroni hajapuliza. Mzee Isihaka alifariki mwezi Machi, na gitaa lake liko stoo, limefunikwa kwa kanga ya mkewe. Mzee Abdulmajid anasema besi peke yake ni mlango usio na nyumba. Mimi niliajiriwa Januari, baada ya kumaliza kidato cha nne, ili nijifunze stoo kutoka kwake. Amenifundisha pamba, birika, gundi na kuandika daftari. Siku moja nilimwambia nasikitika kwamba tulitoka. Alisema yeye angesikitika zaidi kama tungebaki, kisha akanituma nikachote maji.

Mwezi Aprili Mama Koleta alishuka kutoka Chome na chupa ya uji. Waliunywa stoo, wawili.

Mzee Hezroni, kwa niaba ya wafanyakazi wote na okestra, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa vyombo arobaini na tatu na kwa nyimbo kumi na mbili za Vudee Jazz, ambazo mwezi uliopita ulitukalisha na kutuimbia mpaka Raheli akaziandika zote. Tunakuombea kifua chepesi, mvua za kutosha kwenye shamba lako la Vudee, na asubuhi zisizo na funguo za kutafuta.

Leo ni Jumapili, na harusi iliyokuwa imepangwa ukumbini imekubali kutupisha hadi saa kumi. Jua liko juu. Mwisho wa ratiba hii okestra itapiga Ndiva. Nafasi ya saksafoni tutaiacha tupu, kwa sababu hatujaona wa kumpa, na nota zake hazipo: hiyo peke yake hukutuimbia iandikwe. Kiti chako tumekiweka mbele, upande wa kushoto, mahali ambapo sote tunaweza kukuona. Hatukuombi upulize. Karatasi zetu bado zina yale maneno mawili, na hakuna aliyeandika idadi. Tutajaza, tutarudia, na tutaendelea kurudia mpaka uone patosha, ukinyanyue kiwiko.

Namkunda Mrutu
Msaidizi wa stoo