Nyuki Walikokwenda Kunywa

Basi na mimi nisimame nitoe ushuhuda wangu. Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na wewe uliyekuja Bunda leo kwa sababu umesikia kuna chai na mandazi, karibu, hata wewe utaondoka na kitu. Sitataja jina la mtu, maana wengine wako humu humu ndani. Nikigusa habari yako, kaa tu kama hujasikia.

Mimi nimezaliwa Kiriba, nikaolewa Buswahili. Mume wangu ni seremala, kazi yake iko Musoma mjini, amepanga chumba Kamunyonge. Nyumbani alikuwaga anakuja Jumamosi, Jumatatu asubuhi anaondoka. Watoto walikuwa wanakaa kwa bibi yao, mama mkwe wangu, ng'ambo ya barabara, karibu na shule. Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa peke yangu na shamba, kuku, na mizinga yangu ya nyuki. Na kisima. Tulikuwa tumekichimba bondeni nyuma ya nyumba, nami nilikuwa najivunia kweli kweli. Wenzangu wanapanga foleni bombani, mimi natoka na ndoo, narudi, nishabandika chai.

Ndugu zangu, mwaka ule masika yalikuja na upepo wa kung'oa mabati. Baada ya mvua zile nikaanza kuumwa kichwa. Kichwa gani hakisikii dawa? Halafu kizunguzungu, halafu kichefuchefu. Nikadhani nina mimba, nikapima, hakuna. Siku moja nasonga ugali, mdomo ukaanza kunichezacheza wenyewe, halafu jicho, halafu bega. Nilipozinduka niko chini, jirani ananishika kichwa, na mkono huu, mnauona, ulikuwa umeingia motoni.

Ikarudi tena, na tena. Hospitali wakanipa vidonge vya kifafa, nikameza. Mama mkwe akanipeleka kwenye maombi, nikaombewa. Akanipeleka na kwa mzee mmoja wa miti shamba, nikafukizwa mpaka nikapiga chafya wiki nzima. Msimcheke mama wa watu, alikuwa ananipenda, ndiyo maana alihangaika.

Lakini kuanguka siyo kilichoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni msibani. Mnajua mwanamke wa huku msibani mahali pake ni jikoni, kwenye masufuria. Sasa mimi nikikaribia, naambiwa kwa sauti nzuri tu, "Mama, wewe kaa pale upumzike." Nikishika mwiko, mtu ananipokea. Chai naletewa kwenye kikombe cha plastiki, wenzangu wote wana vya bati. Hakuna aliyenitukana. Walinipumzisha tu, mpaka nikajiona kama maiti wa pili.

Halafu nyuki wakaanza kufa. Asubuhi nakuta wamelala chini ya mizinga kama pumba zilizomwagika, wengine wanazunguka kwa mgongo, mabawa yanatetemeka. Nikainama kuwaangalia nikasema, "Hee! Nanyi mna kifafa?" Nilisema kwa utani, lakini lile neno lilibaki kichwani.

Watu wao wakaunganisha kwa namna yao. Mwanamke anaanguka, nyuki wake wanakufa, basi kuna kitu ndani ya mwanamke. Wazee wa ukoo wakakaa na mume wangu. Alipotoka kwenye kikao hakuniangalia usoni. Akasema, "Mama watoto, wanasema urudi kwenu upumzike kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

Akainama kufunga kamba za viatu. Nikafunga nguo zangu, nikaenda Kiriba kwa kaka yangu. Watoto nikawaacha. Hapo sitasema zaidi, mwenye mtoto anaelewa.

Sasa sikilizeni. Kule Kiriba sikuanguka. Wiki ikapita, mwezi ukapita, kichwa kimetulia, nakula dagaa na ugali, napalilia mihogo kama msichana. Wifi yangu anafurahi, anasema mapepo ya Buswahili yameshindwa nauli. Kaka anasema, "Mshukuru Mungu, umepona."

Namwambia, "Namshukuru. Lakini nimepona nini?"

"Ugonjwa."

"Ugonjwa gani unaomwacha mtu kwa sababu amepanda gari?"

Akaniambia niache kuchokonoa. Ila mimi tangu utoto ndivyo nilivyo, kitu kisiponiingia akilini silali. Vidonge nilikuwa nimeviacha Buswahili, kwa hiyo siyo vidonge. Nikampigia simu mume wangu, tukaongea habari za watoto, kisha nikamuuliza, "Baba, kile kichwa chako cha Jumatatu bado kinakusumbua?" Maana mume wangu hanywi pombe kabisa, lakini siku za karibuni kila akitoka nyumbani kwenda kazini alikuwa analalamika kichwa, mafundi wenzake wanamtania kwamba anajificha anakunywa.

Akafikiri. "Hapana. Tangu uondoke siumwi."

"Ukienda Buswahili unalala wapi?"

"Nalala kwa mama. Nyumbani nitalala na nani?"

Nikakata simu nikakaa. Mimi nikiondoka pale napona. Yeye akiacha kulala pale anapona. Na nyuki wako pale wanakufa. Sasa mimi, mume wangu na nyuki, tunashiriki nini? Nyuki halali kitandani kwangu. Nyuki hali ugali wangu. Unga wenyewe tunagawana na mama mkwe na yeye ni mzima, watoto ni wazima. Nikaenda nalo hilo shambani, nikarudi nalo, nikala nalo. Nilikuwa nachota maji ya kuoga ziwani ndipo likanijia. Nyuki anakunywa maji! Na kwa mama mkwe wanakunywa maji ya mvua, ya tangi.

Kesho yake nikapanda gari. Kaka alinuna, lakini nauli alitoa.

Sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti nikamsalimia, nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa utajuaje nyuki anakunywa wapi? Nyuki ana miguu ya kufuatwa?"

Nikamwambia, "Mama, nisaidie unga wa muhogo."

Nyuki wakitoka mzingani, nawapuliza unga kidogo mgongoni. Wanatoka weupe kama wamebatizwa. Sisi wawili tukaanza kuzunguka mahali penye maji. Kisimani kwangu hawakuwepo, kina mfuniko. Kwenye hori la ng'ombe la jirani walikuwepo wachache, weusi, hawana unga. Tukawa tunatazama wale weupe wanaelekea wapi, wanapita juu ya mikatani, tunawakimbilia. Yule mama na umri wake, amefunga kanga kiunoni, anaruka mikatani! Kama kuna mtu alituona siku ile, basi alijua ukoo mzima sasa umepagawa.

Upande wa juu wa bonde kuna ghala la zamani, la enzi za pamba. Mimi nilikuwa nalijua kama gofu la kufungia mbuzi tu. Chini ya ukuta wake, ardhi ilikuwa imelowa, maji yanachuruzika kidogo kidogo kwenye changarawe. Na pale nyuki walikuwa wamejaa.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Akanishika mkono. "Yule! Yule pale mweupe! Na yule!"

Tukachuchumaa. Kando ya maji kulikuwa na nyuki waliokufa, na vyura wawili wamekauka. Yule mama akachukua udongo, akausogeza puani, nikaona uso wake unabadilika.

"Harufu hii naijua," akasema. "Dawa ya pamba. Tulikuwaga tunaichukua hapa hapa. Ile ya unga tulikuwa tunapaka kichwani kuua chawa."

"Mama! Kichwani?"

"Nani alituambia ni sumu? Tulijua ni sumu ya wadudu."

Tuliingia ndani. Bati lote la upande mmoja lilikuwa limekwenda na ule upepo. Mvua ilikuwa inanyeshea madumu yaliyooza kwa kutu na mifuko iliyopasuka, sakafu imeatuka, na maji yanashuka chini. Kutoka pale mpaka kisimani kwangu ni mteremko, mchanga mtupu. Sikuhitaji kuambiwa. Mama mkwe alikaa kwenye jiwe nje, akajifunika uso kwa kanga. Akasema, "Mkamwana, tulikufukuza kwa ajili ya maji."

Tulikwenda wote wawili kwa mtendaji wa kata. Walikuja wataalamu, wamevaa glovu na barakoa, wakachukua udongo, maji ya kisimani, hata nyuki. Majibu hayakuja upesi, tulifuatilia mpaka viatu vikaisha. Yalipokuja, yule dada mtaalamu alitueleza vizuri. Alisema zile ni dawa za zamani zilizopigwa marufuku, na ubaya wake ni kwamba haziozi kama majani yanavyooza. Zinakaa kwenye udongo miaka na miaka, zinaingia kwenye maji, zinaingia kwenye mafuta ya samaki na ya mnyama, na ukizichoma zinapanda na moshi unazivuta. Mishipa ya fahamu ndiyo zinayoichezea, mtu anaanguka. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Nikamuuliza, "Na zile zilizokwisha kuingia mwilini?" Akaacha kucheka. Akasema zinatoka polepole sana, nyingine hazitoki, na nisiache kwenda kupimwa.

Kisima kilifukiwa. Madumu yaliondolewa, eneo likazungushiwa uzio, ila udongo wenyewe bado uko pale, siwezi kuwadanganya. Ile asali iliyokuwa mizingani tuliifukia, nilikataa hata kuionja. Nyuki wachache waliobaki nimewahamishia mbali. Mume wangu alinifuata Kiriba, maana nilikuwa nimerudi huko kungoja aje mwenyewe. Alikuja na wale wazee wa ukoo. Mmoja alitaka kuanza hotuba, mama mkwe akamkatiza: "Sema pole tu, inatosha." Wakasema pole. Nikachukua begi.

Na msiba uliofuata kijijini, mama mkwe alinishika mkono mbele ya watu, akanipeleka jikoni akanikabidhi mwiko. Niliunguza wali siku ile kwa kulia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama aliyekubali kunisaidia unga wakati alikuwa na kila sababu ya kukataa. Namshukuru kaka kwa nauli ya hasira, na yule dada mtaalamu aliyevumilia maswali yangu. Nawaambia nini, ndugu zangu? Mtu akianguka mbele yako, mwombee, mpeleke hospitali. Lakini na uulize pia: anakunywa nini, anavuta nini, analala karibu na nini? Kuuliza siyo kukosa imani.

Na leo nina swali moja tu kwenu. Mkoa huu wote ulilima pamba. Dawa zilikaa mahali. Nani humu anajua ghala la zamani la namna ile kwao, lililosahaulika, pengine watoto wanachezea humo, pengine limefanywa banda? Anyooshe mkono. Msione haya.

Naona mmoja pale nyuma. Mwingine huku dirishani. Wewe baba, nawe? Haya. Mama wa pale nyuma, njoo usimame hapa nilipo, utuambie ni wapi.