Sindano ya Fundi

Treni ilipita ukunguni taratibu, kama mtu anayetembea usingizini. Mbele yangu fundi cherehani mwenye mvi alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, akamwonyesha mama aliyeketi kushoto kwake. "Umeona, dada? Daktari anasema nina presha ya macho, eti nitie matone kila siku mpaka naingia kaburini. Nimeacha. Macho haya yana ugonjwa gani?"

"Hata mimi nilisema hivyohivyo, kaka, nikachelewa mpaka pembeni kukawa giza, nikapasuliwa. Na matone bado natia."

"Na ulichopoteza kimerudi?"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Tunalinda yaliyobaki mtungini."

"Sasa dawa isiyoponya ni dawa gani?"

Hata mimi, nisiyeulizwa, nilitega sikio. Mama alitoa pipi mkobani, akamnyooshea pale ubavuni. Fundi aliendelea kuitazama sindano yake, akitabasamu.

Treni ikasimama. Akaichomeka sindano kwenye kola, akatuaga kwa bashasha, akashuka zake ukunguni.

Mkono wa mama ulikuwa bado umenyooshwa, pipi ikiwa kiganjani.